Grili za Baba Kwenye Nyua za Majirani

Duka la Mapazia,
Nyumba ya kona, nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 10 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Hilo neno "mpendwa" nimeliandika kwa kuwa barua huanza hivyo. Usilichukue ukalipeleka mbali.

Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na kile kifua cha mdogo wao kimetulia? Habari zao nauliza kwa moyo mweupe, maana wao hawajanikosea. Zako nauliza kwa adabu tu, kwa sababu Mama, Mungu amrehemu, alitufundisha kumsalimia hata mtu tuliyenuniana naye.

Sisi huku ni wazima. Shemeji yako bado analalamika mgongo. Mwanangu ameanza kazi ya ukunga na siku hizi tunamwona akipita tu, kama mgeni. Baba nyonga yake imeunga na anatembea kwa gongo kutoka kitandani mpaka mlangoni. Hilo la nyonga hukuuliza. Umenitumia ujumbe mwingi majuma haya, mwingine wa kunibembeleza na mwingine wa kunikaripia, na sikuona hata mmoja uliouliza baba yako anatembea au hatembei. Nimeona nikuambie hata hivyo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikimbia. Maneno yakishakuelemea, mara mtandao mbovu, mara hunisikii. Basi soma. Karatasi hii itakusubiri mpaka umalize.

Nianze na siku ile yenyewe, kwa kuwa naona umeshajitengenezea hadithi yako ya jinsi mambo yalivyokwenda.

Daktari alikuwa amemruhusu Baba arudi kwake, mradi tuweke chuma cha kushikilia pale kwenye ngazi za mlangoni alipoangukia. Baba alicheka, akasema chuma hicho atakichomelea mwenyewe, maana fundi gani wa mji huu atamwamini amwekee chuma cha kumzuia asianguke? Muda wote aliokaa kwangu alikuwa mpole kama mgeni wa watu. Anaomba chai kana kwamba chai si ya binti yake. Siku hiyo ndiyo nilimwona amekuwa Baba tena. Akaniambia anataka kurudi kwenye nyumba iliyovaa mapazia. Akaingia dukani kwa gongo lake, akapapasa majora yote, akachagua kitambaa cha kijani chenye michirizi, kisha akaniagiza niende nikapime madirisha kwa futi. Nisikadirie kwa macho, alisema, fundi anayekadiria kwa macho anaringa.

Nikabeba futi nikaondoka.

Nilipita njia ya nyuma, ile tuliyokuwa tukipita tukitoka shule, kwa sababu mimi na wewe tulizoea kuchungulia nyua za watu. Mtaa ule bado hautupi kitu. Kiti cha kinyozi kipo chini ya mpera wa karani mstaafu, na siku hizi kuku ndiye mteja, ametagia palepale pa kukalia. Friji la mwenye duka limelazwa chali, limejazwa udongo, vitunguu vimesimama humo vimenyooka kama askari kwenye gwaride. Kuna mtu ametundika viatu vilivyotoboka ukutani, kila kiatu na mche wake wa pilipili. Nilikuwa nacheka peke yangu njiani. Nilitaka nikifika nyumbani nimsimulie Baba.

Kisha nikamwona korongo.

Grili za Baba unazikumbuka, hata kama umejitahidi kuzisahau. Kila dirisha la nyumba yetu aliliwekea mnyama wake, kwa nondo alizozikunja mwenyewe: korongo sebuleni, kobe jikoni, sungura chumbani kwetu, jogoo chumbani kwake na Mama. Wateja walimsihi awatengenezee kama hao, akakataa. Mnyama wa nyumbani kwangu haendi kwa mtu, alisema, akawatengenezea maua na nyota. Sasa korongo wa sebuleni alikuwa amelazwa juu ya kidimbwi, kwenye ua wa yule mama anayefuga bata, na bata wanapita juu ya shingo yake wakiingia majini.

Nilijidanganya kidogo. Nikasema labda Baba alimtengenezea mama huyu wa kwake akasahau kutuambia. Nikaendelea kutembea. Kwa karani mstaafu, nyuma ya kile kiti cha kinyozi, sungura wetu amesimamishwa kichwa chini, maharage yamempanda mpaka miguuni. Nyumba ya tatu, mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anaanika sahani juu ya kobe wa jikoni. Kando ya mlango wake kulikuwa na choo cha kukalia, kile cheupe ulichomnunulia Baba ukatutumia na picha yake. Kimepandwa maua mekundu. Yamestawi, ukitaka kujua.

Hapo nikaacha kutembea. Nilikimbia, mwanamke wa umri wangu, na futi shingoni inanipigapiga kifuani.

Nyumba haikuwa na paa. Haikuwa na milango wala madirisha, na ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa umelazwa chini. Pale Mama alipokuwa akisimama kuosha vyombo kulikuwa na mtaro na vibarua wawili ndani yake. Nilisimama na futi mkononi, sina dirisha la kupima.

Rafiki yako Meneja alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha Baba chini ya turubai. Yeye ndiye uliyeagiza apewe ufunguo Baba alipolazwa, ukaniambia dada una kazi nyingi, acha Meneja aiangalie nyumba. Mtu ambaye hajawahi kusimamia hata foleni. Nilimuuliza nani amemtuma. Hakubabaika hata kidogo. Alisema nimuulize mdogo wangu, akakupigia, akaweka simu wazi tusikie wote.

Nilikusikia kwa masikio yangu. Ulisema, "Dada, usiniharibie, nilitaka kumshtukiza Baba."

Nikakuuliza vitu vyake viko wapi. Ukasema vile vilikuwa vyuma chakavu, kwamba Meneja alikuwa anavipunguza ili kazi isikwame, na kwamba nikiona ramani ya nyumba mpya nitakushukuru. Nilipoanza kukujibu, mtandao ukawa mbovu.

Jioni ileile ukanitumia ujumbe nimfiche Baba mpaka nyumba isimame. Nimwambie mapazia hayajawa tayari, nimwambie barabara imefungwa, nimwambie lolote. Ndugu yangu, unanichukulia mimi mtu wa namna gani? Nilipofika kwangu Baba alikuwa amekaa na kile kitambaa cha kijani mapajani, ananingoja na vipimo. Nikaketi mbele yake nikamwambia yote, na wewe nikakutaja. Alikikunja kitambaa, akakikunja tena na tena mpaka kikawa kidogo kama leso, akanirudishia. Akasema kesho nimpeleke.

Tuliazima kiti cha magurudumu kliniki, shemeji yako akakisukuma, na huo mgongo wake. Nilitaka tupite barabara kubwa. Baba akakataa. Alisema nimeshamweleza ya njia ya nyuma, na yeye si mtu wa kusimuliwa kazi ya mikono yake.

Mama wa bata alipotuona alitoka mbio, kanga inamdondoka, uso umemshuka. Alianza kujieleza kabla hatujamsalimia: kwamba mtu alipita na mkokoteni akisema mwenye nyumba anahamia kwa mwanawe ng'ambo, kwamba yeye hakuiba, kwamba bata walikuwa wanaliwa na paka. Baba alimwomba amsogezee korongo karibu. Akainama kwenye kile kiti, akapitisha kidole gumba kwenye shingo ya korongo, pale chuma kilipoungana na chuma, kama mtu anayepapasa kovu la mtoto. Akamuuliza paka wameacha? Mama akasema wameacha. Baba akasema vizuri.

Kwa karani alikuwa mkali zaidi. Alimwambia sungura amewekwa kichwa chini. Karani, maskini, mzee mwenzake, akaanza kuyavuta maharage kwa mikono ili aitoe grili pale pale. Baba akamzuia. Akasema yameshashika, yaache yavunwe kwanza, ila baada ya hapo mgeuze huyo, damu itamshukia kichwani. Karani alicheka, Baba hakucheka. Mimi nilikuwa nyuma yao na sikujua niangalie wapi. Ningekuwa na wewe hapo karibu, ningekuzaba kofi, na umri huo ulio nao.

Halafu tukafika.

Meneja alimpokea kwa heshima zote, shikamoo Mzee, pole Mzee, karibu kivulini. Akaifungua ramani yako juu ya boneti ya gari akaanza kumwonyesha kwa kidole: hii sebule, huku roshani, hapa maegesho, na chumba cha Mzee hiki hapa, choo chake ndani kwa ndani. Baba aliuliza karakana iko wapi. Meneja akasema pale ndipo magari yatakapolala. Baba akauliza magari ya nani. Meneja akaitazama ramani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Nani amekwambia nimekufa?" Baba akamuuliza.

"Hakuna aliyesema hivyo, Mzee."

"Vitu vya mtu hugawanywa akishazikwa. Mimi vyangu nimevikuta kwa majirani. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama nimekufa na hawa watoto wameogopa kuniambia."

Vibarua waliacha kuchimba. Meneja alisema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe alikuwa na nia njema.

"Nia njema hupiga hodi," Baba akasema. "Kiwanja hiki kina mwenyewe, na mwenyewe bado anakula. Fungasheni."

Hakupaza sauti. Unamjua Baba, hapazi sauti. Vibarua walitoka mtaroni, wakafuta majembe, na mmoja wao akaja kumpa mkono. Meneja alijaribu kukupigia. Sijui kama ulipokea. Nilichoona ni kwamba aliikunja ramani akaingia garini, na kile kiti cha Baba akakiacha.

Nikadhani tutarudi naye kwangu. Akagoma. Alisema ameshakuwa mgeni vya kutosha. Karakana yake kule nyuma ndiyo pekee iliyobaki na bati, kwa sababu Meneja alikuwa ameifanya stoo ya saruji yako. Tukamtandikia humo, katikati ya mifuko, kitanda upande mmoja na mashine yake ya kuchomelea upande mwingine. Siku iliyofuata Meneja alikuja na gari kuibeba saruji. Baba alimwachia abebe. Alimsaidia hata kufungua mlango.

Tangu hapo ndipo alipo. Nampelekea chakula asubuhi kabla sijafungua duka, na shemeji yako hulala naye huko siku za baridi. Mama wa bata alimrudisha korongo kwa hiari yake, amemwosha, ameshikana na mpwa wake kumbeba. Karani amevuna maharage na amemleta sungura. Wote wawili wameegemezwa ukutani, hawana dirisha.

Kwa yule mwenye kobe mambo hayakwenda hivyo. Nilikwenda mwenyewe kumdai, na nilikwenda na hasira zako, maana wewe hukuwepo wa kuzipokea. Nikamwita mwizi mbele ya watoto wake. Akaniambia amepewa mchana kweupe na mtu aliyekuja kwa jina la familia yetu, na uchanja wake wa miti wa kuanikia vyombo ameshauchanja kuni. Akaniuliza kama familia yetu ina mdomo mmoja au miwili. Ana haki. Wewe ndiye uliyetufanya tuonekane watu wa midomo miwili. Baba alipopata habari alinikanya nisirudi tena kule. Alisema amemwona kobe kwa mbali, anasuguliwa kila siku, hana kutu hata chembe. Aachwe.

Jogoo hajaonekana. Nimechungulia kila ua, mpaka watu wameanza kunishangaa. Meneja anasema hakumbuki alimpa nani, labda alikwenda na mkokoteni mtaa mwingine, labda ameyeyushwa. Labda. Ile ndiyo grili ya kwanza aliyoitengeneza Baba katika maisha yake ya ndoa, Mama alikuwa anaogopa kulala kwenye dirisha tupu. Baba hajaniuliza hata mara moja jogoo yuko wapi. Ananitazama tu ninaporudi, kisha anaangalia pembeni. Meneja ni rafiki yako wa chanda na pete. Mbane wewe.

Sasa nije kwenye yale uliyoniandikia.

Umesema sisi huku hatupendi maendeleo. Maendeleo gani yanayoanza kwa kumng'olea baba yako madirisha akiwa kitandani hospitali? Umesema nina wivu kwa kuwa wewe unaweza kujenga na mimi nashona. Nashona, ndiyo. Lakini sijawahi kukata kitambaa cha mtu kabla hajafika kupimwa. Umesema Baba angefurahi kama ningenyamaza. Huenda. Huenda angeingia kwenye roshani yako akasema asante, kwa sababu ni mtu mwenye adabu, halafu akakaa humo kama alivyokaa kwangu, anaomba chai kwa unyenyekevu. Hilo ndilo ulilotaka kumjengea?

Tena umesema asiyekuwepo na lake halipo, kana kwamba unanitania. Methali hiyo wewe usiitumie. Miaka yote hii hukuwepo na sisi tulikuwekea lako: kitanda chako hakikulaliwa na mtu, picha yako ya shule ilikaa ukutani, na Baba kila akipata mgeni alimtembeza mpaka pale. Picha yenyewe ilikwenda na mkokoteni pamoja na vitu vingine. Siyo mimi niliyeitupa.

Usitume saruji nyingine. Usimtume Meneja wala rafiki mwingine, hata awe mchungaji au sheikh. Usiniombe nimpe Baba simu, maana nimejaribu mara kadhaa. Hakasiriki. Anasema mikono ina grisi. Kama una neno la kumwambia, panda chombo uje, upige hodi pale karakana kama watu wengine, usubiri kuitikiwa. Sikuahidi kwamba utaitikiwa.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu leo.

Jana alikuja muuguzi mpya wa kliniki kumtazama nyonga. Binti mchangamfu, mwenye soga nyingi, anamkunja mguu huku anamsemesha asisikie maumivu. Alimsifia mashine, akamsifia korongo, akamuuliza Mzee una watoto wangapi. Mimi nilikuwa pale pale, nammiminia Baba maji ya kunawa.

Baba alifikiri. Usidhani alisahau. Alifikiri kama anavyofikiri kabla ya kukata chuma, kwa kuwa chuma kikishakatwa kimekatwa.

"Binti ninaye," akasema.

Muuguzi akasubiri amalizie. Hakumalizia. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa na nafasi ya kusema kitu kwa niaba yako, mdogo wangu, nafasi ya kutosha kabisa. Niliendelea kumimina maji.

Msalimie sana wifi, umwambie hasira hizi hazimhusu. Wakumbatie watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka na anawashonea nguo. Shemeji yako anakusalimu, yeye moyo wake ni mpana kuliko wangu. Mwanangu naye anamsalimu mjomba wake. Baba hajaniagiza salamu, na mimi sitamtungia.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na riziki, na usingizi pia akupe, ila usiwe mzito.

Wako, ninayekupenda kwa kuwa sikuulizwa,

Dada yako.